Justus von Liebig: Mkemia aliyeiogopa mvua

MKULIMA wa Muleba anapoingia katika duka la pembejeo na kuomba mbolea ya chumvichumvi, anatumia jina lililo sahihi kuliko majina mengi ya kitaalamu. Kilichomo ndani ya mfuko ni chumvi kweli, ingawa si ya kuungia mboga. Chumvi hiyo ikiingia kwenye maji huachana vipande viwili, na vingi kati ya vipande hivyo si atomu moja moja. Ni vikundi vya atomu vinavyosafiri pamoja bila kutawanyika: amoniamu, naitreti, fosfeti, salfeti.

Wanafunzi wa sekondari nchini wanavifahamu vikundi hivyo kwa jina la radikali, au ioni zenye atomu zaidi ya moja. Wengi huvikariri usiku wa kuamkia mtihani, jina na chaji yake, na kuviacha humo humo katika chumba cha mtihani. Ni hasara. Orodha ile ndiyo inayoeleza kwa nini mbolea ya mfuko mmoja hukaa shambani na ya mfuko mwingine huondoka na mvua za wiki mbili. Na mvua kwa Bukoba si jambo dogo, kwani kando ya ziwa hunyesha takriban milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho sehemu nyingi za Tanzania hazikioni hata zikijumlisha miaka miwili.

Mtu aliyeitoa orodha hiyo maabara na kuipeleka shambani ni Mjerumani Justus von Liebig. Yeye huyo huyo aliwahi kuingia hasara ya fedha na ya jina kwa kutoielewa vizuri, na chanzo cha hasara yake kilikuwa hofu ambayo kila mkulima wa Kagera anaijua: hofu ya mvua.

Mtoto wa duka la rangi

Liebig alizaliwa Mei 12, 1803 katika mji wa Darmstadt. Baba yake alikuwa na duka la dawa, rangi na chumvi za kila aina, nyingine akizitengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba. Huko ndiko mtoto alikojifunzia kemia, kwa kuchanganya na kuangalia kinachotokea. Shuleni hakufanya vizuri hata kidogo, na aliacha masomo kabla ya kumaliza.

Alipokuwa na umri wa miaka 13, yaani mwaka 1816, Ulaya ilikosa kiangazi. Mlima Tambora wa Indonesia ulikuwa umelipuka mwaka mmoja kabla na vumbi lake likalizuia jua. Mazao yakaoza mashambani, bei ya nafaka ikapanda, na watu wakafa njaa. Waandishi wengi wa maisha ya Liebig huhusisha kazi yake ya baadaye na njaa hiyo aliyoiona utotoni.

Alipelekwa kujifunza kazi kwa muuza dawa wa mji wa Heppenheim, lakini hakudumu. Wako wanaosimulia kwamba alifukuzwa baada ya mlipuko aliousababisha chumbani kwake. Wengine husema baba yake alishindwa tu kulipa ada. Kwa vyovyote, vitu vinavyolipuka alivipenda mno, na baadaye vilimfaa sana.

Alisoma Bonn kisha Erlangen, na mwaka 1822 akapata ufadhili wa mtawala wa Hesse kwenda Paris, mahali ambapo wakati huo ndipo palipokuwa na kemia. Huko alifanya kazi na Gay-Lussac, mmoja wa wakemia wakubwa wa Ufaransa. Mwaka 1824, akiwa na miaka 21 tu, alirudi nyumbani kuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Giessen.

Atomu zile zile, mpangilio tofauti

Kabla ya kuondoka Paris alikuwa amemaliza kuchunguza chumvi moja ya hatari, fulmineti ya fedha, ambayo hulipuka hata ikiguswa kidogo. Aliipima na kupata kwamba ina fedha, kaboni, naitrojeni na oksijeni, kila moja kwa kiasi chake. Wakati huo huo Mjerumani mwenzake, Friedrich Wöhler, alikuwa amepima chumvi nyingine tulivu isiyolipuka, sayaneti ya fedha. Majibu ya wote wawili yalikuwa sawasawa.

Liebig, ambaye hasira zake zilikuwa zikimtangulia, alidhani mwenzake amepima vibaya. Baadaye walikutana, wakarudia vipimo, na ikaonekana kuwa hakuna aliyekosea. Atomu ni zile zile na idadi ni ile ile. Tofauti ni nani kakaa katikati: katika fulmineti ni naitrojeni, katika sayaneti ni kaboni. Badiliko hilo dogo tu linatosha kutenganisha kitu kinacholipuka na kitu kinachotulia kwenye chupa.

Wöhler na Liebig wakawa marafiki hadi kifo. Urafiki wao una faida hata kwa anayelima migomba Kamachumu, kwa sababu mwaka 1828 Wöhler aliiendeleza kazi ya sayaneti kwa kuikutanisha na amoniamu. Alitarajia kupata chumvi ya kawaida ya vikundi hivyo viwili. Badala yake alipata kitu kilichokuwa kikijulikana kutoka kwenye mkojo tu: urea. Atomu za vikundi vile zilikuwa zimejipanga upya. Urea ya leo hutengenezwa viwandani kwa njia nyingine, kwa amonia na hewa ya kabonidayoksaidi chini ya mgandamizo mkubwa, lakini ni kitu kile kile alichokiona Wöhler.

Kutokana na kazi hizo wawili hao walizoea kuzitazama kemikali kwa vikundi. Mwaka 1832 walionyesha kikundi kizima cha atomu kikihama kutoka kemikali moja kwenda nyingine bila kuvunjika. Walikiita radikali, na jina hilo ndilo linaloendelea kutajwa madarasani kwetu. Kwamba vikundi vya namna ya naitreti na amoniamu vina chaji ya umeme vinapokuwa kwenye maji, hilo lilikuja kuelezwa vizuri na Msweden Arrhenius katika miaka ya 1880, Liebig akiwa ameshafariki.

Kule Giessen alibadilisha pia jinsi kemia inavyofundishwa. Kabla yake mwanafunzi alikaa na kusikiliza. Kwake mwanafunzi alipewa chumvi asiyoijua na kuambiwa aitambue kwa mikono yake mwenyewe: aiyeyushe, aichuje, aone inatoa unga wa rangi gani. Vijana walitoka Uingereza, Marekani na kwingineko kumfuata katika mji ule mdogo. Anayefundisha radikali kwa kuziandika ubaoni na kuwaambia wanafunzi wakariri anafundisha kwa mtindo aliouacha Liebig karne mbili zilizopita. Ni kweli kwamba maabara inahitaji fedha, lakini salfeti na kaboneti hutambuliwa kwa vitu vichache vya bei ndogo.

Daftari la udongo

Mwaka 1840 alitoa kitabu kuhusu kemia na kilimo ambacho kilitafsiriwa haraka na kusomwa kote Ulaya. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba mmea hula mboji, yaani ile mabaki nyeusi ya majani na samadi iliyooza. Liebig akasema hapana. Kaboni ya mmea inatoka hewani, na kutoka kwenye udongo mmea huchukua madini: potasiamu, fosfeti, kalsiamu na mengineyo. Samadi ina thamani kwa sababu ya madini yaliyomo, na majivu ya mmea uliochomwa yanaonyesha umekula nini.

Kutokana na hayo alieneza kanuni kwamba mavuno huamuliwa na kirutubisho kilichopungua kuliko vyote. Ukiwa na fosfeti tele na potasiamu haipo, fosfeti ile haikusaidii. Haki itendeke: kanuni hiyo ilikuwa imeandikwa mapema na Carl Sprengel, Mjerumani mwingine, mwaka 1828. Liebig aliipa sauti, na akapata sifa ambazo Sprengel hakuzipata.

Kwa macho ya mchumi, jambo kubwa katika kitabu kile ni kwamba Liebig aliutazama udongo kama daftari la duka. Kila gunia linalotoka shambani ni matumizi, na lazima kiingie kitu cha kulipia.

Wahaya walikuwa na daftari lao bila karatasi. Udongo wa asili wa sehemu kubwa ya Bukoba na mwambao wa Muleba umetokana na mawe ya mchanga, na mvua ya maelfu ya miaka imeuosha hadi ukawa mchachu na maskini. Uthibitisho ni rweya, yale majani wazi yasiyootesha cha maana isipokuwa kwa kupumzishwa miaka mingi. Kibanja kilichojaa migomba na kahawa hatua chache kutoka hapo hakikuumbwa hivyo, kilitengenezwa. Ng'ombe walilishwa rweya mchana na kulala nyumbani usiku, nyasi zilikatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba, majivu na maganda ya jikoni yakarudi shambani. Rutuba ya eneo kubwa ilikusanywa mahali padogo kwa mgongo wa ng'ombe na kichwa cha mwanamke. Hesabu ya kibanja ililipwa na rweya.

Hofu ya mvua

Baada ya kitabu, Liebig aliingia biashara. Kama udongo unahitaji madini fulani, kwa nini yasitengenezwe kiwandani na kuuzwa? Mwaka 1845 mbolea yake iliwekewa hataza Uingereza na kutengenezwa na James Muspratt, mwenye viwanda vya kemikali kaskazini magharibi mwa nchi hiyo, aliyepeleka watoto wake kusoma Giessen.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Potasiamu huyeyuka upesi kwenye maji. Je, mvua ya kwanza haitaisomba yote na kuipeleka mtoni? Liebig akaona dawa ni kuifunga. Aliagiza chumvi za potasiamu ziyeyushwe kwa moto pamoja na chokaa hadi ziwe kitu kigumu mfano wa kioo, kisicholainika haraka kwa maji, ili mmea ujichukulie kidogo kidogo. Kuhusu naitrojeni hakujishughulisha sana. Aliamini kwamba amonia inayoshuka na mvua kutoka hewani inatosha mazao mengi.

Wakulima wakanunua kwa jina lake. Mbolea ikakaa juu ya udongo kama saruji, na mavuno hayakuongezeka. Walionunua walipoteza fedha, kiwanda kikapata hasara, na wapinzani wa Liebig wakashangilia. Yeye hakuelewa kosa liko wapi na alikaa miaka mingi bila kuelewa.

Jibu lilipatikana kwa jaribio ambalo mwalimu yeyote wa sekondari angeweza kulifanya kwa chupa iliyokatwa kitako. Katikati ya miaka ya 1840, mwenye shamba wa Yorkshire aitwaye H. S. Thompson alimimina maji yenye salfeti ya amoniamu juu ya udongo na kuyakinga chini. Maji yaliyotoka hayakuwa na amoniamu. Yalikuwa na salfeti ya kalsiamu. Udongo ulikuwa umeishika amoniamu, ukaachia kalsiamu badala yake, na salfeti ikapita zake. Mkemia Thomas Way alirudia jaribio hilo kwa chumvi nyingi na kuchapisha matokeo kuanzia mwaka 1850. Potasiamu ilishikwa kama amoniamu. Naitreti ilipita kama salfeti.

Leo sababu inajulikana. Chembe za udongo wa mfinyanzi na za mboji zina chaji hasi, hivyo huvuta vyenye chaji chanya na kuviacha vyenye chaji hasi viende na maji. Mwanafunzi akiitazama tena ile orodha ya radikali ataona kwamba karibu zote ni hasi: naitreti, salfeti, kaboneti, fosfeti, haidroksaidi. Amoniamu ndiyo pekee ya kawaida iliyo chanya. Potasiamu nayo ni chanya, ingawa yenyewe ni atomu moja tu. Kwa hiyo Liebig alikuwa amekifunga kwa moto kitu ambacho udongo wenyewe ungekishika bure, na mkulima akalipia gharama za moto huo.

Fosfeti ina tabia yake. Ni hasi, lakini haisombwi kirahisi. Katika udongo mchachu wenye chuma na aluminiamu hunaswa na madini hayo na kuwa vigumu kwa mizizi kuipata. Mkulima wa Bukoba anaweza kuwa na fosfeti shambani na mmea wake ukawa na njaa ya fosfeti, jambo linaloudhi.

Mifuko iliyopo dukani

Kutokana na hayo, majina yaliyoandikwa kwenye mifuko yanaanza kusomeka. SA ni salfeti ya amoniamu, ile ile aliyoimimina Thompson. CAN ni naitreti ya amoniamu iliyochanganywa na chokaa, hivyo nusu ya naitrojeni yake itashikwa na nusu inaweza kusombwa kama mvua ni kubwa na mizizi haijawa tayari. DAP ni vikundi viwili vya amoniamu vilivyoungana na kimoja cha fosfeti. Mbolea ya Minjingu, inayotoka mkoani Manyara, ni mwamba wa fosfeti na kalsiamu ambao huyeyuka polepole, na kwa bahati njema huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo mchachu, ambao Bukoba inao wa kutosha.

Urea si chumvi na haina chaji inapotoka mfukoni, kwa hiyo siku za mwanzo udongo hauishiki. Baada ya siku chache hugeuka kuwa amoniamu. Ikiachwa juu ya matandazo ya nyasi, sehemu yake huruka hewani kama amonia. Anayemwaga urea juu ya nyasi za kibanja na kuondoka amelipia harufu. Ifukiwe.

Hata amoniamu iliyoshikwa haikai milele. Vijidudu vya udongo huigeuza kuwa naitreti, na katika kugeuza huko uchachu wa udongo huongezeka. Hilo lilithibitishwa na Wafaransa wawili mwaka 1877. Ndiyo maana kugawa mbolea ya naitrojeni mara mbili au tatu kwa msimu kuna maana zaidi Bukoba kuliko sehemu kavu, na ndiyo maana SA, inayochachusha udongo kuliko nyingine, haifai kutumiwa mwaka hadi mwaka bila chokaa au majivu.

Kuhusu bei, hesabu ni rahisi na wengi hawaifanyi. Mfuko wa kilo 50 wa urea una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Mfuko kama huo wa SA una asilimia 21, yaani kilo 10.5. Kwa hiyo, kwa anayetafuta naitrojeni, mfuko wa urea unaweza kuuzwa mara mbili ya bei ya SA na bado ukawa nafuu. Mwaka 2022, bei za mbolea zilipopaa duniani na serikali ikaleta ruzuku, wengi walilinganisha mfuko kwa mfuko badala ya kilo kwa kilo.

Lakini kuna jambo moja ambalo Liebig hakulipa uzito na ambalo katika udongo wa Bukoba ndilo kubwa. Udongo wa kichanga una mfinyanzi kidogo, hivyo uwezo wake wa kushika amoniamu na potasiamu unatokana zaidi na mboji. Mboji ile ile aliyoidharau kama chakula cha mmea ndiyo ghala la chakula hicho. Mfuko wa mbolea katika kibanja chenye samadi na matandazo unahifadhiwa. Mfuko huo huo kwenye udongo mtupu wa rweya unapita kama maji kwenye ungo. Ubishi unaosikika vijijini kati ya wanaosema chumvichumvi inaua udongo na wanaosema samadi imepitwa na wakati hauna msingi kwa upande wowote.

Ugomvi na kukiri

Wapinzani wake wakubwa walikuwa John Lawes na Joseph Gilbert wa Rothamsted, Uingereza. Gilbert alikuwa mwanafunzi wake, aliyepata shahada ya udaktari Giessen mwaka 1840. Lawes alikuwa na hataza ya mwaka 1842 ya kutengeneza mbolea ya fosfeti kwa kumwagia tindikali ya salfa kwenye fosfeti ngumu, njia ambayo Liebig mwenyewe alikuwa ameipendekeza kwa mifupa. Kwa maneno mengine, wakati Liebig akiifunga potasiamu isiyeyuke, Lawes alikuwa akiifungua fosfeti iyeyuke. Lawes akatajirika.

Mwaka 1843 wawili hao walianza majaribio ya ngano katika shamba la Broadbalk. Vipande vilivyopewa madini bila naitrojeni vilitoa mavuno duni, na vilivyoongezewa chumvi za amoniamu vilipanda. Liebig alibisha kwa miaka, kwa maneno makali yasiyolingana na mtu wa hadhi yake. Kuhusu naitrojeni hakuwahi kukubali kikamilifu.

Kuhusu mbolea yake ya hataza, alikubali. Katika toleo la saba la kitabu chake, mwaka 1862, alieleza wazi kwamba alijiona mwerevu kuliko Muumba, akataka kurekebisha kitu ambacho hakikuwa na kasoro, kwa kuwa udongo ulikwisha kupewa uwezo wa kukinga chakula cha mimea kisisombwe. Ilimchukua takriban miaka 17 kufika hapo. Ni wachache kati ya wanaouza pembejeo waliowahi kuandika jambo kama hilo kwenye kitabu chao wenyewe.

Wakati huo alikuwa Munich, alikohamia mwaka 1852, tayari akiwa na cheo cha ubaroni. Alijihusisha na biashara nyingine, ikiwemo rojo ya nyama iliyotengenezwa Fray Bentos, Uruguay, na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1865 kwa jina lake. Hiyo ilifanikiwa.

Hata hivyo uzee wake aliutumia zaidi kwenye lile daftari. Alishambulia kilimo alichokiita cha unyang'anyi, kinachotoa mazao shambani na kuyapeleka mjini bila kurudisha chochote. Aliwalaumu Waingereza kwa kununua mifupa ya Ulaya na samadi ya ndege ya Peru huku fosfeti na potasiamu ya chakula chao ikitiririka na maji machafu ya London kwenda baharini. Alifariki Munich Aprili 18, 1873. Maabara yake ya Giessen ni makumbusho tangu mwaka 1920, na chuo kile sasa kina jina lake.

Miaka 17 baada ya kifo chake, Novemba 1890, Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba. Miaka hiyo hiyo sotoka ilipita na kufyeka ng'ombe, na kahawa ikaanza kugeuzwa zao la kupeleka Ulaya. Utafiti uliofanywa wilayani Bukoba katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba vibanja vya kaya zisizo na ng'ombe vinapoteza virutubisho vingi kuliko vinavyopokea. Rweya nayo imepungua kwa makazi na kwa miti ya misonobari na mikaratusi. Mkungu wa ndizi unaopakiwa kwenye lori au meli kwenda Mwanza una potasiamu nyingi kuliko kirutubisho kingine chochote cha udongo, na maganda yake huishia kwenye majalala ya huko.